Unene Wangu na Sahani za Majirani

Mtu akikwambia mtoto wako amenona, mashallah, usifanye haraka kushukuru. Mtazame kwanza mtoto anavyopumua. Mimi nilikuwa mtoto huyo, Ngamiani, mjini Tanga, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, na mpaka leo nikisikia mwana wa watu anaambiwa "amenona" kama kondoo wa kuchinjwa, nanyanyuka naondoka. Nimepona zamani, nina wajukuu. Lakini majuzi mama mmoja wa Nguvumali aliniletea binti yake, mnene, anahema hali amekaa kitako, akaniuliza kwa sauti ya chini ilikuwaje miye nikapungua. Alikuwa akiona haya hata kuuliza. Basi nikasema nitaeleza yote, wenye haya wasome peke yao.

Na haya ya nini? Mtoto hajinenepeshi.

Kabla yangu mama alizaa mtoto wa kiume, Salimu. Sikumdiriki. Alikufa kwa surua, amekonda hata shingo haibebi kichwa. Baada ya hapo mtaa mzima uliendelea kumwita mama "Mama Salimu", na bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa akikaa nasi, akatoa hukumu yake kwamba nyumba ile haitazika tena mtoto mwembamba. Nilipozaliwa mimi, Zaina, nikawa wa kulipia ile njaa ya marehemu. Nikilia, uji wa ngano na samli. Nikinyamaza, mkate wa kumimina, maana mtoto aliyenyamaza huenda ana njaa na hawezi kusema. Bibi alikuwa na msemo wake, kwamba mtoto ni mwili, mengine ni maneno ya watu.

Nilipofika umri wa kwenda shule nilikuwa na mwili wa kutosha watoto wawili na ukabaki. Sitaupamba. Mapaja yalisuguana mpaka yakachubuka, vidonda vikatoa maji, nguo ikaganda juu yake na kubanduliwa jioni kwa maji ya uvuguvugu. Chini ya matiti, na sikuwa hata na umri wa kuwa na matiti, paliota ukurutu. Kwenye mikunjo ya shingo jasho lilikaa humo likavunda, na mama akinipangusa kitambaa kilitoka cheusi, hata niwe nimeoga mara ngapi. Nilijinusa. Mtoto anayejinusa mwenyewe hana raha duniani, hata asifiwe vipi.

Na walinisifu! Mikono ya watu ndiyo niliyoichukia kuliko vidonda. Kila mwanamke aliyepita alinifinya shavu, akanibonyeza mkono wa juu, akanipiga kofi la mapenzi kwenye paja lile lile lenye kidonda. Harusini nilikalishwa mbele, karibu na bibi harusi, nionekane. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto huyu hachezi na wenzake.

Kisha kulikuwa na kazi ya migongo. Watu wazima wa mtaani kwetu walipoumwa na mgongo walitaka kukanyagwa. Mtu analala kifudifudi mkekani, anapakwa mafuta ya nazi, mtoto anapanda juu yake na kutembea polepole, anakwenda na kurudi. Mtoto mwembamba hafai, ni sawa na kupitiwa na paka. Mimi nilikuwa nikitafutwa. Nilikanyaga migongo ya nusu ya mtaa, hasa mgongo wa Bi Rukia, jirani yetu wa ubavuni, mjane aliyekuwa akipika mandazi na aliyeheshimiwa na kila mtu. Wallahi, mpaka leo nyayo zangu zinakumbuka ile ngozi ya uzeeni, inateleza juu ya nyama, ina joto, ina vinundu, na mwenye mgongo chini anaguna na kuachia upepo bila kujali, huku akiniambia nizidishe hapo hapo. Nilikuwa nikifumba macho. Nikishuka napewa sahani. Kalmati, au wali uliobaki, au tambi za sukari. Nikala na miguu bado ina mafuta ya mgongo wa mtu. Na mtaani kwetu mtoto hakatai sahani ya nyumba yoyote, kwa sababu kukataa chakula cha jirani ni matusi, na mwenye matusi si mtoto, ni mama yake aliyemfunza.

Ugonjwa ulijulikana masika moja, mvua haikatiki, sote tumejifungia ndani. Usiku nilikuwa nikikoroma kama mzee, hilo walilizoea na kulicheka. Lakini mchana mmoja baada ya kula nililala ukumbini, mama akasikia mkoromo umekatika ghafla na haurudi. Alipokuja akanikuta midomo imebadilika rangi. Akaniketisha kwa nguvu, nikavuta pumzi kwa kishindo, nikaamka nikilia. Bibi akasema ni jinamizi. Kutoka siku ile kila nilipolala mama alikaa kando yangu, akininyanyua kila pumzi iliponikwama, na shuleni nikawa nasinzia mpaka mwalimu akatuma mtu kuuliza nyumbani nafanyishwa kazi gani.

Basi tukaenda zahanati ya serikali. Ewe msomaji, kama hujawahi kuwa mtoto mnene kwenye benchi la zahanati, mshukuru Mungu wako. Kulia kuna mtoto amevimba bandama kwa homa, kushoto kuna mwingine nywele zimekuwa nyekundu kwa njaa, na katikati niko mimi, nimechukua nafasi ya watu wawili. Mwanamke mmoja alimwuliza mama mgonjwa wake yuko wapi. Mama akaninyooshea kidole. Yule mwanamke akacheka kwa ukarimu kabisa, akasema kama huo ndio ugonjwa basi na yeye aombewe. Wote wakacheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Zamu yetu ilipofika dresa, yule mfunga vidonda, hakunipima wala hakunisikiliza kifua. Aliwaita wenzake waje waone. Mmoja akanifinya. Tukapewa chupa ya dawa ya kikohozi, nami sikuwa na kikohozi.

Tulirudi tena na tena masika ile, na kila mara tukatoka na chupa. Mama hakuwa mtu wa kugombana, alikuwa mtu wa Kigombe, mtoto wa wavuvi, amezoea kungoja. Mwishowe tukamkuta Bwana Hosea, mganga msaidizi, Mbondei kutoka upande wa Muheza. Yeye alinisikiliza kifua, akanilaza chali, akanitazama nilivyoanza kutweta, akaniinua. Akamwambia mama kwamba mafuta yangu mwenyewe yananiziba pumzi nikilala, na mambo yakiendelea hivi ipo siku nitalala nisiamke. Alisema hivyo hivyo, mbele yangu, kama mtu anayeeleza habari za treni. Kisha akanipeleka kupimwa. Mizani ilikuwa katika chumba cha wajawazito, nikavuliwa nguo mbele yao, nikapanda, na mshale ukaenda. Nesi mmoja tu ndiye aliyenifunika kanga mabegani, akageuza uso wake pembeni kunistahi. Jina lake sikulijua na ninamwombea dua mpaka leo.

Maagizo yalikuwa machache. Samli basi, sukari basi, halua basi, wali kijiko kidogo, samaki wa kuchemsha na mchicha, na kutembea kila siku. Turudi kila mwezi kupimwa.

Nyumbani kukawaka. Bibi alisema Bwana Hosea ni mtu wa mashamba, anajua nini kuhusu watoto wa mjini. Baba alikuwa akifanya kazi bandarini, anarudi amechoka, akasema wanawake wamalizane wenyewe. Mama akamaliza kwa kufungia samli kabatini na ufunguo kuufunga pindoni mwa kanga. Nililia kwa njaa, sitaficha, nililia hadi nikatapika nyongo. Mama alinipa samaki na mchicha, akakaa akanitazama nikila, na yeye akala hicho hicho.

Tukaenda kupimwa. Nilikuwa nimezidi. Mwezi wa pili nikazidi tena. Bwana Hosea akavua miwani yake na kumwambia mama, mbele ya wanawake wote wa chumba kile, kwamba hajaona mtu akinenepa kwa hewa, na kama hataki mtoto apone basi asimpotezee wakati. Mama aliinamisha kichwa akasema ahsante. Ahsante! Njiani aliniuliza tu, bila ukali, nakula wapi. Nikamwambia. Kwa Bi Rukia baada ya mgongo, kwa muuza kahawa, kwa mke wa mwadhini, kwa fundi cherehani, kote. Sikuona kosa, nilikuwa napewa na kufunzwa nisikatae. Nilimtajia nyumba moja moja hadi akaniambia basi.

Hapo ndipo mama alipofanya jambo ambalo kwa mtu wa mji mwingine lingekuwa dogo. Alijitanda ushungi, akapita nyumba kwa nyumba, akaomba kwa adabu zote kwamba tafadhali Zaina asipewe chakula. Hakusema kwa nini. Angesemaje? Kwetu ugonjwa wa mtoto hautangazwi, watu wasije wakautia jicho, na kusema mtoto anaumwa kwa shibe ni kufuru mbele ya wenye njaa. Akaomba tu, akarudi nyumbani ametulia moyo.

Lakini mwanamke anayemkataza mwanawe kula nyumba ya jirani anasema neno moja tu, na kila mtu wa pwani analijua. Anasema chakula chenu kina kitu. Ilipofika alasiri mtaa ulikuwa umeshaelewa kwamba Mama Salimu amewaita wachawi, na kwamba anadhani wao ndio waliomla Salimu na sasa wanamtaka wa pili. Bi Rukia alifunga dirisha lake la upande wetu. Dirisha lile lilikuwa halijafungwa tangu mama aletwe pale kama bibi harusi.

Wakatususa. Mama akitoa salamu kisimani inajibiwa na mtu mmoja, kwa upande wa mdomo. Mama mwenyewe alipougua homa hakuna aliyekuja kumtazama. Ramadhani ikaingia, mwezi wa kupelekeana futari, jioni watoto wanakatiza uani na sahani zilizofunikwa kawa. Kwetu haikuja hata moja. Mama akapika akapeleka kwa Bi Rukia, na sahani ikarudishwa vile vile, kawa haijafunuliwa. Bibi alipoiona akafunga nguo zake akaenda Pangani kwa binti yake, akisema hawezi kukaa nyumba yenye aibu. Nilichukizwa na watu wale kiasi ambacho sijawahi kuchukizwa tena maishani. Watu wa kusali, watu wa kufunga, na walikuwa tayari mama yangu afe kwa upweke kwa sababu ya sahani.

Na ajabu ya Mungu, nikaanza kupungua. Hakuna aliyeniita kukanyaga mgongo, hakuna aliyenipa kalmati. Chuki yao ikanitibu kuliko chupa zote. Ila ukisikia kupungua usidhani ni kitu kizuri cha kutazama. Ngozi ilibaki ikaning'inia mikononi na tumboni, imekunjana, ina michirizi myekundu inayowasha. Nilikuwa naikunja kwa vidole na kuiachia, inarudi taratibu, na ninajitia kinyaa. Lakini nililala mchana wote siku moja ya mfungo, nikaamka, mama akaniambia hakuninyanyua hata mara moja. Alikuwa analia anaponiambia.

Mtaa nao ukaona ninavyopungua, ukapata neno jipya. Mama Salimu anamkausha mtoto kwa husuda yake. Wanaume wakamkalisha baba barazani, wakamwambia mkewe amewatukana na sasa anamuua mtoto ili apate ushahidi. Baba akarudi na shauri lililokwisha kukatwa. Siku ya Idi mosi, baada ya sala, mama anichukue, tupite nyumba zote, nile katika kila nyumba, watu waone kwa macho yao. Nisipokula, mama arudi kwao Kigombe, na mimi nipelekwe Pangani kwa bibi.

Mama akamwuliza, "Unajua bibi yake atamlisha mpaka lini?"

Baba akasema hajui habari hizo, anachojua ni kwamba hana uso wa kuingia msikitini.

Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa. Pangani maana yake samli, na samli maana yake lile giza la kuzibwa pumzi, na safari hiyo mama hatakuwapo kando kuninyanyua.

Idi ikafika. Nikavikwa gauni jipya lililopunguzwa ubavuni. Baba akatutangulia, na kila mlango una watu wamesimama kama wanangoja ngoma. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwadhini. Shikamooni, marahaba, karibuni. Sahani ya bokoboko la ngano na nyama ikawekwa mbele yangu, samli imetuama katikati kama dimbwi. Mate yalinijaa. Nikamtazama mama. Mama akaketi, akanawa, akaivuta ile sahani kwake, akala. Alikula yote, akafuta samli kwa kidole, akamshukuru mwenye nyumba, akanyanyuka.

Baba akasema sivyo tulivyokubaliana. Mama akamwambia wamesema wanaogopewa chakula chao, basi yeye anakila, na aseme kama kuna sharti lingine.

Mama yangu alikuwa mwanamke mwembamba. Na alikuwa ametoka katika mfungo wa mwezi mzima. Kwa fundi cherehani alikula pilau. Kwa muuza kahawa alikula tambi na halua. Kila nyumba waliongeza, wengine kwa ukarimu, wengine kwa ubaya, niliwaona, walikuwa wakishindilia wali kwa mwiko ili sahani ibebe zaidi. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Alianza kula polepole, akifumba macho kabla ya kila tonge. Watu wazima wanamtazama mwenzao anajishindilia chakula kama gunia, na hakuna aliyetia mkono sahanini kumsaidia. Lahaula. Ukitaka kujua binadamu, mtazame akiangalia mtu anakula.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Rukia. Bi Rukia mwenyewe alileta sinia, akaketi, akamtazama mama akipeleka mkono. Tonge la kwanza likaingia. La pili likakwama, mama akalimeza kwa maji, machozi yakimtoka. Bi Rukia akaushika ule mkono.

"Mama Salimu, basi. Utajiua."

Mama akajibu, "Sikuogopeni nyie, Bi Rukia. Naogopa kuzika. Yule mwembamba nilimzika, mkasema hakula. Huyu anazibwa pumzi kwa kunona, daktari amesema. Nikimzika huyu mtasemaje?"

Mama akasimama, akawahi uani, akatapika karibu na choo cha Bi Rukia. Alitapika nyumba zote zile, moja baada ya nyingine, na harufu ya samli iliyochacha ikajaa uani. Mimi nilimshika kanga isichafuke. Bi Rukia ndiye aliyemshika kichwa, akamnawisha uso, akamwongoza akamlaza kitandani mwake mwenyewe. Kisha akatoka mlangoni akawaambia wote waende makwao, na baba yangu akiwamo.

Kutoka siku ile sikula tena nje ya nyumba yetu, na mwenye kunilinda alikuwa Bi Rukia. Alinitoa hata kwenye karamu ya hitima, mbele za watu, akiniuliza kama nimemsahau mama yangu. Bibi aliporudi kutoka Pangani na kapu la halua, Bi Rukia alimpokea njiani, kapu likapotea. Mgongo wake ulianza kukandwa kwa mikono. Asubuhi kukipoa alinitembeza mpaka Raskazone na kurudi, analalamika njia nzima, miguu yake mibovu kuliko yangu. Kaskazi ikapita, masika nyingine ikaja, nikalala chali usiku kucha kama watu.

Wewe mama uliyeniletea binti yako, mizani haina tabu. Anza na majirani. Waambie ugonjwa kwa jina lake, waambie kabla hujawakataza chakula chao, na usione haya, maana pengo la haya yako watalijaza wao kwa maneno yao. Mtoto usimfinye. Vidonda vya mapajani vipakwe mafuta ya nazi, kitambaa laini katikati. Ngozi itakayoning'inia itarudi, si yote.

Siku ya mwisho ya kupimwa, Bwana Hosea alisoma mshale, akausoma tena, akafurahi kweli. Aliwaita wale wale wa siku ya kwanza, aliyenifinya akiwamo, waje waone. Akawaeleza kwamba huyu mama alikuwa mbishi mwanzoni, lakini sasa mnaona, mtu akifuata maagizo anapona, ni kufuata maagizo tu. Wakatikisa vichwa. Mama akainamisha chake.

"Ahsante, bwana," akasema.

Tulipotoka nje akasimama chini ya ukuta wa zahanati, akatema mate mchangani, akayafukia kwa kiatu. Kisha akanishika mkono, tukaenda zetu kwa miguu.